Kumchagulia Hadji Mashine ya Pumzi

Wanangu wa kazi, nyinyi mlioingia juzi kwenye vyumba vya mashine mkiwa na kalamu mpya mfukoni, nataka niwasimulie jinsi nilivyoipenda mashine moja hadi ikabaki kidogo nimuue mtu nayo. Nimestaafu, magoti yananisumbua, nimebaki na bustani yangu ya vitunguu hapa Butembo, lakini nikiikumbuka habari hii kiti hakinitoshi. Mume wangu amenizoea. Akiona nimeanza kuongea kwa mikono miwili, anakisogeza kikombe chake cha chai mbali nami.

Mimi ni Masika. Nilikuwa muuguzi, na kwa miaka mingi ya mwisho nilitunza mashine za kupumulia katika hospitali moja ya mjini. Aliyenifundisha kazi hiyo ni Papa Kakule, sasa marehemu, mtu wa sauti kali na suruali iliyopigwa pasi hadi mistari inakata. Siku ya kwanza nilitegemea atanionyesha vitufe. Hakunionyesha hata kimoja. Alinipeleka wodini baada ya chakula cha mchana, wagonjwa wakiwa wanasinzia, akanisimamisha mbele ya mzee mmoja aliyelala chali.

"Masika, weka mukono pa tumbo," akaniambia kwa Kiswahili chetu cha huku, kilichochanganyika na Kifaransa. "Hapana kuangalia kinywa, kinywa kinadanganyaka. Kama koo njo inafungana, tumbo inapigana, inapanda, inashuka, mais hewa haipite. Kama kichwa njo kinasahau kutuma amri, tumbo inanyamaza. Ukichanganya hizi mbili, utapatia mutu mashini ya mutu mwengine."

Hapo ndipo penye elimu yote, na wala sitanii. Watu wengi wanaoacha kupumua usingizini koo lao linajifunga. Hao wanakoroma, wanakabwa, wanashtuka. Mashine ya kawaida, ile tunayoiita PPC, inapuliza hewa kwa msukumo mmoja na kuliweka koo wazi, basi. Lakini wapo wachache ambao koo lao liko wazi kabisa, ila ubongo umesahau kuwaamuru wavute pumzi. Kwao ukipuliza ni sawa na kupiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Hawa wachache ndio wanaotuumbua, na mmoja wao alikuwa Hadji Saidi.

Hadji alikuwa msafirishaji wa Beni, mwenye malori yaliyopandisha bidhaa kutoka mpakani Kasindi hadi Butembo. Alikuwa na nyumba mbili. Bi mkubwa, Mama Zaina, aliishi Bungulu kule Beni. Bi mdogo, Mama Amina, aliishi huku kwetu Butembo. Hadji alikaa juma moja kwa huyu na juma moja kwa yule, kwa haki, na hakuna aliyelalamika. Mwaka ule alianza kusinzia kila mahali. Alisinzia na tonge mkononi. Alisinzia kwenye kilio cha jirani huku ameshika mkono wa mfiwa, na mfiwa akaona haya kuuchomoa. Akiamka asubuhi kichwa kinamuuma, na jioni miguu imevimba hadi viatu havivuliki.

Docteur Muhindo, daktari wetu wa moyo na kifua, alinituma Bungulu nikachukue habari za usingizi wake, kwa sababu Hadji mwenyewe alikuwa hataki kusikia jina la hospitali. Nilibahatika kuwakuta wake wote wawili, kulikuwa na sherehe ya mjukuu. Nikatoa daftari nikauliza: Hadji akilala, inakuwaje?

Mama Zaina akajibu kama mtu aliyesubiri kuulizwa. "Anakoromaka, mama. Anakoroma mupaka bakuku banaamuka. Anakoroma, anapumuzika kidogo, anaanza tena. Mi niko naye tangu batoto bake ba kwanza, mi njo najua usingizi yake."

Mama Amina alikuwa anachambua mchele pembeni. Aliinua macho, akafungua kinywa, kisha akakifunga na kurudi kwenye sinia lake. Niliona. Sitawadanganya kwamba sikuona. Lakini katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi, bi mkubwa akishasema habari za bwana, maneno yamekwisha. Nami ninayegombana na madaktari bila woga, siku hiyo nikajifanya mtu wa adabu. Niliandika "anakoroma" na nikapiga mstari chini yake.

Tulimvika kile kipimo cha kidole kinachoandika hewa ya damu, kikatuonyesha kuwa inashuka vibaya. Nikafurahi, nikaona ushahidi ninao. Lakini kipimo cha kidole kinakuambia kuwa hewa imeshuka, hakikuambii kwa nini. Nikashauri apewe PPC, ile inayojiongezea msukumo yenyewe kila inapodhani koo limefunga, na Docteur, aliyesoma ripoti yangu, akakubali. Nikampelekea Hadji, nikamfunga barakoa, nikarudi Butembo nikiimba ndani ya gari.

Baada ya wiki mbili Hadji alikuwa mbaya zaidi. Familia ikasema hajaizoea. Mimi nikasema hajaizoea. Kumbe aliyejua alikuwa mmoja tu, na alikuja kuniona peke yake, mchana, akakaa kwenye benchi la hospitali hadi wagonjwa wote walipoondoka.

"Mama Masika, unisamehe," Mama Amina akaanza. "Kule Bungulu nilishindwa kusema, Mama Mukubwa alikuwa anasema. Huku kwangu Hadji hakoromake. Ananyamaza. Pumzi inakuwa kidogo, kidogo, halafu inaisha. Mi nahesabu. Nafikisha makumi mbili, wakati mwengine napita, njo anavuta hewa kama mutu anatoka mu maji. Na tangu ulituletea ile mashini, ananyamaza zaidi."

"Na tumbo?" nikamuuliza. "Wakati wa kunyamaza, tumbo inafanya nini?"

"Mukono yangu iko pale kila siku, mama. Haifanye kitu. Inalala."

Wanangu, niliona aibu ambayo sijaiona tena hadi leo. Mwanamke huyu alikuwa anafanya kazi ya Papa Kakule bila kufundishwa na mtu, na mimi mwanafunzi wake nilikuwa nimeandika "anakoroma". Nilimshika mikono yote miwili nikamwambia asante kwa lugha zote ninazozijua. Kisha nikaomba kadi ya kumbukumbu iliyokuwa ndani ya ile PPC, maana mashine hizi zinaandika kila kitu, na nikaisoma kwa mara ya kwanza. Yote yalikuwa mle. Kila mashine ilipoongeza msukumo, vile vituo vya pumzi, yaani pumzi kusimama huku koo liko wazi, viliongezeka. Mashine ilikuwa imenishtakia kosa langu kwa wiki mbili, mimi ndiye sikufungua barua. Kwa hiyo msinililie kwamba hamna vifaa, kama hata kadi iliyomo ndani ya kifaa mlichonacho hamjaisoma.

Na msidhani Mama Zaina alisema uongo. Kule Beni chini, Hadji alikula vizito akalala chali, na kweli alikoroma. Vituo vya kimya pia vilikuwepo, ila yeye alivihesabu kuwa mapumziko, akashukuru kupata nafasi ya kusinzia. Huku Butembo tuko juu, hewa ni nyembamba na baridi inauma, na ugonjwa wa namna hii unapenda mahali pa juu. Wake wawili, miinuko miwili, na mimi niliuliza mmoja.

Sasa nakuja kwenye mapenzi yangu.

Mtoto mkubwa wa Hadji anafanya biashara Dubai. Aliposikia mashine ya kwanza imeshindwa, hakumuuliza mtu. Alinunua ile yenye akili kuliko zote, akaituma kwa ndege hadi uwanja wa Mavivi karibu na Beni, na kutoka hapo ikapandishwa Butembo ikiwa imepakatwa kama mtoto mchanga. Mimi ndiye niliyefungua kisanduku. Ilikuwa nyeupe, haina sauti kabisa, ina kioo kinachowaka taratibu. Mashine hii inasikiliza kila pumzi. Pumzi ikipungua inajazia, ikizidi inapunguza, na ikikosekana inatoa ya kwake. Inafukuza vituo vya kimya vyote. Niliwaza, hii ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya Hadji. Nilienda nayo nyumbani nikamsomea mume wangu kitabu cha maelekezo yake kwa Kifaransa hadi akaniuliza kama mashine hiyo itakuja kuishi nasi.

Docteur Muhindo alikuwa ameshampima Hadji moyo kwa ekografi, ile picha ya mawimbi ya sauti, ila majibu alikuwa bado anayapitia. Nilitakiwa nisubiri. Nikaona nitatayarisha tu, nijaribishe kidogo, daktari akifika akute kazi imekwisha. Nikamwita Hadji Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Alikuja na wake zake wote wawili, akalazwa, na mimi nikaanza kumfunga barakoa. Mkanda mmoja ulikuwa tayari nyuma ya sikio.

Docteur akaingia na karatasi mkononi. Aliangalia kitandani, akaangalia kisanduku cheupe, na uso wake ukabadilika.

"Masika, vua ile kitu."

"Docteur, ni kujaribisha tu."

"Vua kwanza. Moyo wake umechoka, haisukume tena damu vizuri. Kwa mutu wa moyo hivi, mwenye kichwa kinasahau pumzi, hii mashini njo ile balitukataza. Inaweza kumuua."

Nilijua, wanangu. Wataalamu walishatuonya kwamba kwa moyo uliodhoofika namna ile, na kwa ugonjwa huu hasa, mashine hii nzuri inarekebisha pumzi kwenye kioo huku inaongeza vifo kitandani. Onyo lilikuwa limeandikwa hata kwenye kitabu chake, ukurasa wa maonyo. Ule ukurasa niliuruka nikimbilie picha. Nilifungua mkanda, nikaiweka barakoa mezani, nikabaki nimesimama hapo hadi Hadji ndiye aliyeniambia nikae.

Mama Zaina hakutaka kukaa. "Docteur, mutoto ametuma mashini mupya, ya nguvu. Nyinyi munataka kumupatia gani? Ile?" Alinyoosha kidole kwenye rafu yetu, palipokuwa na mashine kuukuu ya kijivu, kona moja imebandikwa utepe.

"Ile, mama," Docteur akasema. "Mais hapana leo. Tunaanza na dawa za moyo."

Ile ya kijivu ina misukumo miwili, mkubwa wakati wa kuvuta hewa na mdogo wakati wa kuitoa. Hiyo peke yake isingemsaidia, ingeweza hata kumzidishia. Uzuri wake ni kwamba ina saa ya kuhesabu. Unaiambia pumzi ngapi kwa dakika, na mtu akichelewa yenyewe inampa moja. Haimfukuzi mtu, haimkimbilii, inamsubiri kidogo tu kisha inamkumbusha. Mkiambiwa mashine ina misukumo miwili, msiondoke dukani kabla hamjauliza kama inahesabu. Ziko nyingi zisizohesabu, na kwa nje zinafanana kama mapacha.

Chumba kilikuwa kimegawanyika. Mama Zaina aliona mtoto wake anadharauliwa. Mama Amina aliangalia sakafu. Docteur alianza kueleza kwa maneno ya vitabu, na kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kukunja uso. Hadji mwenyewe ndiye aliyemkatiza, kutoka kitandani.

"Docteur, ngoja. Mi nimeendesha malori maisha yangu yote. Injini kama imechoka, nikiitia turbo, itapanda mulima?"

"Itapanda kidogo, Hadji. Halafu itapasuka."

"Donc munitengenezee injini kwanza. Halafu munipatie ile ya kizee."

Ikaisha hivyo. Nimefundishwa na wengi, lakini sijasikia mtu akiuchagua uhai wake kwa maneno machache namna ile.

Wiki zilizofuata Docteur alipanga dawa za moyo, na miguu ya Hadji ikaanza kuingia viatuni. Mimi, kwa kuwa sasa nilikuwa nimejifunza kuuliza wote wawili, nilizikagua nyumba zote mbili. Kutoka kwenye shati la safari la Hadji, Mama Zaina alinitolea vidonge vikali vya maumivu ya mgongo, vile madereva wanavyopeana njiani. Vidonge hivyo vinausahaulisha ubongo kupumua. Ulizeni vidonge, wanangu, na msimuulize mgonjwa, muulizeni anayemfulia nguo. Docteur akamwachisha taratibu na kumpa dawa nyingine.

Dawa zilipunguza vituo, lakini havikwisha, kwa hiyo siku ya kujaribu mashine ya kijivu ikafika. Nilishindana kwanza na ndevu. Barakoa kubwa ilivujisha hewa pande zote, na Hadji aliniambia anaweza kuacha kupumua lakini hawezi kunyoa. Nikamtafutia ya pua peke yake, inayokaa juu ya masharubu, na haikuvuja. Nikaiambia mashine kwamba tuko mahali pa juu, maana zile za zamani hazijui zenyewe, zinapuliza kidogo zikidhani ziko bondeni. Hadji alikula kidogo, akaswali adhuhuri, akalala kwa ubavu. Docteur akaweka hesabu, akaangalia kwa muda, akarekebisha, kisha akaitwa kwa mgonjwa mwingine chumba cha pili.

Tukabaki wanawake watatu. Viti vilikuwa vinalia kila tukisogea, tukaviacha tukakaa chini kwenye mkeka, mimi miguuni pa kitanda karibu na mashine, Mama Zaina upande wa kichwa, Mama Amina katikati, mkono wake juu ya tumbo la bwana wao. Usingizi ulimchukua Hadji haraka. Pumzi zikawa kubwa, kisha ndogo, kisha ndogo zaidi. Kisha hakuna.

"Imenyamaza," Mama Amina akanong'ona. Akaanza kuhesabu. "Moja. Mbili. Tatu. Ine."

Mashine ikabonyeza, tiki, ikapuliza, na mkono wake ukainuka. Tumbo lilikuwa limepanda. Likashuka. Kimya tena, moja, mbili, tatu, ine, tiki, likapanda. Nilitaka kupiga kigelegele nikajifunga mdomo kwa kitenge. Mama Zaina alisogea kwa magoti hadi ubavuni mwa mwenzake, akauweka mkono wake juu ya mkono wa Amina, na akaanza kuhesabu naye kwa sauti ya chini. Walihesabu mara nyingi sana. Hawakufika sita hata mara moja. Kipimo kwenye kidole cha Hadji kilionyesha hewa nzuri isiyoshuka, na mimi nililia kama mtoto, sioni haya kuwaambia. Kazi yetu haina shangwe nyingi, kwa hiyo ikija muilie vizuri.

Mtaniuliza habari za umeme, najua. Tuliifunga kwenye betri ya sola, na tukaondoa kichupa cha kupasha maji ya kulainisha hewa, kwa sababu ndicho kinachokula betri yote. Baridi ya Butembo inafanya unyevu wa pumzi ugeuke maji ndani ya mpira, kwa hiyo mpira tuliuvika kitambaa, Mama Zaina ndiye aliyeushona. Kichujio kinaoshwa kila wiki wakati wa kiangazi, vumbi letu halina huruma. Mashine ilikwenda na Hadji kila alipohamia nyumba nyingine, na kila mke alijua kubadilisha kile kitufe cha mlima. Ile nyeupe ya Dubai tuliifunga vizuri na kuiweka kabatini, imngoje mgonjwa wa ugonjwa huo huo mwenye moyo mzima. Mtakapomwona, mpimeni moyo kwanza.

Lakini nilitaka kuwaambia Hadji alivyoamka siku ile ya majaribio.

Alasiri ilikuwa imekaribia. Kwa miezi mingi Hadji alikuwa akishtuka usingizini huku anashika kichwa. Siku ile alifungua macho polepole, akavuta ile barakoa kando, akajinyoosha. Kisha akageuka akatuona: wanawake watatu tumeketi chini kwenye mkeka kuzunguka kitanda, tumejifunga vitenge kichwani, macho mekundu. Akatuangalia mmoja mmoja kwa hofu.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mama Amina, ambaye hakuwahi kujibu kabla ya bi mkubwa, alijibu wa kwanza.

"Hapana mutu, Hadji. Hapana mutu."

Nilimwangalia Mama Zaina nione kama atamkemea. Hakumkemea. Alikuwa bado anahesabu.